Jina katika daftari: Wamasai wa Kajiado na kugawanywa kwa ardhi ya pamoja



Methali yasema: mali bila daftari huisha bila habari. Neno hilo ni la kweli, na kila mmoja aliyewahi kutunza hazina ya kikundi analijua. Lakini historia inatufundisha neno jingine linalolifuata. Mali yaweza kuwa na daftari lenye mihuri na sahihi, na bado ikawaponyoka wenyewe, kwa sababu ya namna daftari lilivyoandikwa na siku lilipofungwa.

Mfano ulio wazi ni ule wa Wamasai wa Kajiado, katika inchi ya Kenya. Katika muda ambao mtu mmoja aweza kuuishi, watu hao walitoka katika ardhi ya mababu isiyo na karatasi, wakaingia katika hati moja ya watu wengi, kisha wakaivunja hati hiyo ili kila mmoja apate hatimiliki yake, yenye umiliki kamili. Tunawaletea habari hii kwa sababu walioshindaniwa ndani yake, kuliko wengine wote, ni vijana wa umri wenu.

Karatasi za kwanza

Kajiado iko kusini mwa Nairobi, ikishuka hadi mpaka wa Tanzania, mahali ambapo mlima Kilimanjaro unaonekana. Ni inchi kavu. Mvua hunyesha huku na kuacha kule. Mwaka huu bonde hili lina majani, mwaka ujao ni vumbi. Kwa sababu hiyo mfugaji hakutafuta kamwe kiwanja chake mwenyewe. Alitafuta njia ya kupita, maji ya kunywesha, na ruhusa ya jirani wakati wa ukame. Ardhi ilikuwa ya sehemu nzima ya kabila. Visima na malisho ya karibu na boma vilikuwa na wenyewe na kanuni zao.

Karatasi zililetwa na ukoloni. Mwaka 1904 serikali ya Kiingereza ilifanya mapatano na baadhi ya wakubwa wa Wamasai, akiwemo laibon Olonana, na kwa mapatano hayo Wamasai waliondoka katika Bonde la Ufa, karibu na Naivasha na Nakuru, ili walowezi wapate mashamba. Walipewa maeneo mawili, moja Laikipia upande wa kaskazini, na jingine kusini, kwa ahadi kwamba yatakuwa yao daima. Daima hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 yakatiwa sahihi mapatano ya pili, na wale wa Laikipia wakahamishwa kwenda kusini pamoja na mifugo yao. Mwaka 1913 baadhi yao walipeleka shauri mahakamani. Walijibiwa kwamba mapatano yale yalikuwa kama mkataba kati ya dola mbili, na kwamba mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuyahukumu. Rufaa yao nayo ilishindwa.

Tangu hapo Wamasai walijua jambo moja kuhusu karatasi: wachache waliotia sahihi walifunga wengi ambao hawakuwapo. Tulishike jambo hilo, maana litarudi kwa sura nyingine.

Hati moja ya watu wengi

Katika miaka ya 1950 upepo ulibadilika. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulitangaza kwamba mkulima Mwafrika atalima vizuri zaidi akiwa na shamba lake lenye mipaka na hati. Mpango huo ulianza na wakulima wa nyanda za juu, lakini habari zake zilifika kwa wafugaji. Wamasai wachache wenye elimu au wenye cheo wakaanza kukata mashamba makubwa yao wenyewe, mahali palipo na maji na majani mema. Kisha ukaja ukame mkali wa mwaka 1960 na 1961, ukiandamana na mafuriko, na ng'ombe wengi sana wakafa. Wazee walitambua kwamba wamezungukwa pande mbili: wakulima kutoka nje walikuwa wanaingia, na watoto wao wenyewe walikuwa wanachukua sehemu bora.

Kulikuwa na sababu ya kuogopa. Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ya mwaka 1963 ilimpa mwenye hati umiliki kamili. Tena ilisema kwamba uandikishaji wa kwanza hautabatilishwa na mahakama, hata kama ulipatikana kwa udanganyifu. Aliyetangulia kuandikwa, basi, alikuwa ametangulia kwa kweli. Kanuni hiyo ilidumu hadi sheria mpya ya mwaka 2012.

Tume iliyoongozwa na Lawrance, iliyofanya kazi mwaka 1965 na 1966, ilipendekeza njia ya katikati kwa inchi kavu: ardhi iandikishwe kwa jina la kikundi. Mwaka 1968 zikatoka sheria mbili zilizotimiza pendekezo hilo. Ndivyo zilivyozaliwa ranchi za vikundi. Kila kikundi kilipimiwa eneo lake, kikaandika wanachama wake katika daftari, kikachagua wawakilishi wasiopungua 3 wala kuzidi 10, na hao ndio walioshika hati kwa niaba ya wote.

Inafaa tuielewe vizuri hati hiyo. Mwanachama hakuwa na kona yake. Alikuwa na fungu lisilogawanyika katika ardhi nzima, sawa na fungu la mwenzake. Hakuweza kuuza, wala kuweka rehani, wala kuzungushia ua. Lakini pia hakuna aliyeweza kumfukuza.

Serikali na Benki ya Dunia waliunga mkono mpango huo kwa mikopo. Yalijengwa majosho, vikachimbwa visima, zikaletwa ng'ombe za kisasa. Kwa upande wao, wanachama walitazamiwa kupunguza idadi ya mifugo na kukaa ndani ya mipaka ya ranchi yao. Mambo hayo mawili hayakutokea. Mvua haikujua mipaka ya ranchi. Ukame ulipokuja, watu walivuka kwenda kwa majirani, kama walivyofanya siku zote. Na nani angepunguza ng'ombe wake huku jirani akiongeza? Lakini Wamasai wengi hawakuikubali ranchi kwa ajili ya majosho. Waliikubali kwa sababu ilikuwa ngome: mbele ya mgeni mwenye kutaka ardhi yao, sasa walikuwa na karatasi.

Daftari linakuwa vita

Ngome hiyo ilikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ni daftari la wanachama. Walioandikwa mwanzoni walikuwa karibu wote wanaume wakuu wa nyumba. Wanawake waliingia kwa nadra, hasa wajane. Vijana ambao bado hawajaoa hawakuhesabiwa, kwa wazo kwamba wakati wao utafika.

Wakati wao ukafika. Watoto wa mwaka 1970 walipokuwa wanaume, waliomba kuandikwa kama baba zao. Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Ranchi ina ekari 20,000 na wanachama 100. Fungu la kila mmoja ni sawa na ekari 200. Wakiandikwa vijana 100, fungu linakuwa ekari 100. Wakiandikwa vijana 300, linabaki 50. Mzee mwenye wana saba waliokomaa hakuona ubaya wowote, kwa kuwa nyumba yake ilipata mafungu manane. Lakini mzee mwenye mwana mmoja, au ambaye watoto wake walikuwa wadogo, aliona ardhi yake ikipungua kila mwaka bila mtu kuigusa. Mikutano ya ranchi ikawa migumu. Wengine walitaka daftari lifungwe. Wengine walitaka lifunguliwe. Na wengine walitaka ardhi igawanywe upesi, kabla rika jipya halijaingia.

Hapo ndipo penye moyo wa historia hii. Watu wengi hudhani kwamba ardhi ya pamoja ilivunjika kwa sababu vijana waliiga tamaa ya mjini. Ukweli una pande mbili. Mara nyingi ni baba zao walioharakisha kuigawa, ili idadi ya wagawanaji isiongezeke.

Kulikuwa na sababu nyingine pia, na nyingine zilikuwa za haki. Maskini mwenye ng'ombe watano alikuwa na fungu sawa na tajiri mwenye ng'ombe mia tano, lakini ni ng'ombe wa tajiri waliokula majani. Maskini akasema: nipeni sehemu yangu, angalau nimkodishe huyu anayekula bure. Kamati kadhaa zilikaa madarakani miaka mingi bila uchaguzi, na wanachama waliogopa kwamba wawakilishi watawapa rafiki zao ardhi kidogo kidogo. Wengine walitaka hati ili benki iwakopeshe. Nayo serikali, tangu miaka ya 1980, ikaanza kuhimiza ugawaji waziwazi. Kufikia mwisho wa miaka hiyo, ranchi nyingi za Kajiado zilikuwa zimeamua kugawanywa.

Siku ya mpima ardhi

Kwa karatasi, utaratibu ulikuwa safi. Wanachama hukutana na kupiga kura. Bodi ya ardhi ya mahali hutoa kibali. Mpima ardhi huja, huweka mawe ya mipaka, na kila mwanachama hulipa gharama na kupokea hatimiliki yake. Fungu lisilogawanyika linakufa. Linazaliwa shamba lenye namba.

Katika matendo, mambo yalipinda katika sehemu mbili. Ya kwanza ni ukubwa na mahali. Sheria ilikuwa imesema mafungu ni sawa, lakini ekari moja kando ya barabara au mto si sawa na ekari moja juu ya mawe. Tena ramani ilipita mikononi mwa kamati. Katika ranchi nyingi walioketi kwenye kamati, pamoja na jamaa na rafiki zao, walitoka na mashamba makubwa zaidi na yaliyo mahali pazuri. Waliolalamika walizunguka ofisi moja hadi nyingine, na wengi walichoka njiani.

Ya pili ni daftari lenyewe. Siku ya mpima ardhi, aliyeandikwa alipata. Asiyeandikwa hakupata, hata kama alizaliwa pale na kuchunga pale maisha yake yote. Kijana ambaye jina lake halikuingia alitegemea sasa nia njema ya baba yake. Mke alitegemea nia njema ya mume. Zamani, mfugaji masikini au mjane aliweza kuishi kwa haki ya kuwa mtu wa mahali. Baada ya hati, kuwa mtu wa mahali hakukuwa haki tena mbele ya sheria. Wachache wa kizazi kimoja walishika kalamu, nao wakafunga wengi ambao hawakuwapo. Mara hii lakini si mgeni aliyewashikisha kalamu hiyo.

Baada ya hati

Haitakuwa haki kusema kwamba hati haikuleta faida. Wako waliojenga nyumba ya kudumu bila hofu, waliochimba kisima, waliopanda majani ya akiba, waliolipia watoto chuo kikuu kwa kuuza ekari chache na kubaki na nyingine. Maskini aliyekuwa na sauti ndogo mkutanoni alikuwa sasa na kitu ambacho tajiri alipaswa kumwomba.

Lakini hati inayoruhusu kuuza huuza. Hasa karibu na Nairobi, kama vile Kitengela, bei ilipanda na wanunuzi wakaja na fedha taslimu. Mtu ambaye hajawahi kushika fedha nyingi mara moja aliuza, akanunua gari, na baada ya miaka michache hakuwa na gari wala ardhi. Sheria ilidai kibali cha bodi kwa kila mauzo ya shamba. Hata hivyo mara nyingi mke na watoto walijua habari baada ya mkataba kufungwa. Mtafiti Mholanzi Marcel Rutten aliyafuatia mambo hayo, na kitabu chake cha mwaka 1992 kinaeleza kwa jina lake tu yaliyotokea: watu waliuza mali ili wanunue umaskini.

Hata asiyeuza alipata shida. Ekari mia moja katika inchi kavu ni nyingi kwa macho, lakini mvua ikiziruka, ng'ombe hawana pa kula. Palipokuwa na njia ya mifugo pakawa na waya. Wanyama wa porini nao waliumia. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, iliachwa wazi upande wa kusini ili nyumbu na punda milia waende kwenye tambarare za Kitengela na kurudi kwa majira. Nyua zilizibana njia hizo, na nyumbu walipungua sana. Tangu mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye mashamba kwa kila ekari kila mwaka, ili wasijenge ua. Tazameni ajabu yake: kitu kilichokuwa bure katika ardhi ya pamoja, yaani nafasi ya kupita, sasa kinapaswa kununuliwa kila mwaka.

Na watu hawakukubali kushindwa. Katika sehemu nyingi majirani wenye hati walipatana kuondoa nyua kati yao, kubadilishana malisho, na kuchunga pamoja kama zamani. Hati zimebaki tofauti sandukuni, lakini majani yameunganishwa. Kusini zaidi, ranchi za Shompole na Olkiramatian zilikaa miaka mingi bila kugawanywa, zikiwa na kanuni zao kuhusu malisho ya mvua na ya kiangazi.

Sheria nayo ilisikia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilitambua ardhi ya jamii kuwa namna halali ya umiliki, sambamba na ile ya umma na ya mtu binafsi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ilifuta ile ya mwaka 1968. Kwa sheria hiyo mpya, anayeamua juu ya kuitoa ardhi si kamati. Inatakiwa kura ya angalau theluthi mbili za wanachama watu wazima walioandikwa. Tena inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia au umri. Kwa maneno mengine, ilijaribu kutengeneza mlango uleule uliovunjika: daftari.

Linatuhusu nini?

Sisi wa Kongo hatuna sheria kama ya Kenya. Sheria yetu ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya serikali. Raia aweza kupewa haki ya kudumu juu ya kiwanja, na cheti cha uandikishaji, lakini udongo wenyewe unabaki wa serikali. Kuhusu ardhi za jamii za vijijini, sheria hiyo iliahidi kwamba amri ya Rais wa Jamhuri itapanga haki za wenyeji. Miaka mingi ikapita bila amri hiyo kutoka. Kwa hiyo vijiji vyetu vingi vinakaa juu ya ardhi ambayo haina daftari kabisa. Kwetu methali inabaki kama ilivyo: mali bila daftari. Lakini siku daftari litakapoletwa, na nyumba nyingi tayari zina mashauri ya kugawa shamba la babu, tutahitaji kujua yaliyowapata Kajiado.

Yaliyowapata hayasemi kwamba ardhi ya pamoja ni njema na hati ya mtu binafsi ni mbaya, wala kinyume chake. Chini ya hati ya pamoja, kamati zilikula. Chini ya hati ya mtu mmoja, wengine walistawi. Kilichoamua hatima ya watu zaidi ya aina ya hati ni maswali yaliyopaswa kuulizwa kabla ya mpima ardhi kufika: ni majina ya nani yameandikwa? Mwanamke yumo? Aliye shuleni mbali, aliye mgonjwa, ambaye hajazaliwa, nani anamsemea? Njia na maji vitabaki vya wote? Na nani atakubali kabla ya kuuza? Mawe ya mipaka yakishawekwa, maswali hayo huwa mashauri ya mahakama, na mahakama huanza kwa kusoma kilichoandikwa.

Kwa mazungumzo ya kikundi

1. Katika jamaa zetu, nani anajua mipaka ya ardhi ya nyumba, na nani hajawahi kuonyeshwa? Wasichana wanaonyeshwa?

2. Mzee aliyetaka kufunga daftari aliogopa kitu cha kweli. Kijana aliyetaka kuandikwa naye alidai haki ya kweli. Kama ungekuwa katika mkutano ule, ungependekeza nini ambacho wote wawili wangeweza kukikubali?

3. Ikiwa shamba la ukoo litagawanywa, ni vitu gani tungeandika kuwa havigawanyiki kamwe?